Je, Somo la Bure Lina Deni? Mawazo juu ya masomo ya bustani wakati wa kipwa

Katika vitabu vyetu hivi vidogo tumezoea kuandika juu ya ndoa, matanga, majina ya watoto na heshima ya wakwe. Safari hii ninaomba ruhusa niandike juu ya mboga. Msicheke. Mboga imenitia katika ulizo moja ambalo sikupata jibu lake katika buku lolote, na ninaona ulizo hilo linagusa desturi zetu zaidi ya vile tunavyofikiri.

Ulizo ni hili: mtu akikufundisha kazi ya mikono bure, bila kukuomba hata franga moja, je, unabaki na deni? Na kama deni liko, unalilipa kwa nani?

1. Darasa lisilo na ukuta

Kwetu Lubumbashi mvua inakatika mwezi wa 4, na kuanzia mwezi wa 5 hadi mwezi wa 9 mbingu inakauka kabisa. Hiyo ndiyo kipwa. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya asubuhi inauma vidole, na mwezi wa 9 joto linapanda mpaka vumbi linaingia hata ndani ya sahani. Juu kwenye vilima udongo unakuwa mgumu kama tofali. Lakini chini, katika mabonde ya mito yetu midogo, udongo unabaki na unyevu, na maji ya kisima hayako mbali. Ndiyo maana kipwa, ambayo kwa mahindi ni wakati wa kulala, kwa mboga ni wakati wa kuamka.

Ni wakati huohuo masomo yanafungwa. Kuanzia mwanzo wa mwezi wa 7 mpaka mwanzo wa mwezi wa 9 watoto wako nyumbani. Wenye feza wanawatafutia watoto wao masomo ya kompyuta ao ya Kiingereza. Wengine wanazungukazunguka kwenye karte.

Katika karte yetu watu watatu walianzisha masomo ya bustani wakati huo wa vakansi: mama mmoja anayeuza mboga sokoni tangu miaka mingi, mzee mmoja aliyefanya kazi ya migodi zamani, na mwalimu mmoja wa biolojia. Hakuna anayewalipa. Kiwanja ni cha mtu aliyekubali kukiazima mpaka mvua irudi. Wanafundisha asubuhi mbili kwa juma, na anayetaka anakuja: vijana, wamama, hata sisi wenye mvi.

Na wanafundisha nini? Vitu vidogo ambavyo kumbe ni vikubwa. Kwamba tuta la mboga linapashwa kuwa na upana wa metre 1, si zaidi, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mguu kukanyaga udongo. Kwamba mboleo ya kuku haitiwi ikiwa mpya. Inalundikwa, inafunikwa, inaachwa mpaka moto wake uishe, la sivyo inaunguza mizizi. Kwamba shudeshine inaanzia kwenye pepinyeri chini ya kivuli cha majani makavu, kiisha inahamishwa mangaribi, si saa sita za mchana. Kwamba tuta la metre 10 kwa 1 linataka aroswari mbili za litre 10 asubuhi na mbili tena mangaribi, kila siku, hata siku ya ndoa ya dada yako. Na kwamba lengalenga, ukilitunza vizuri, linaweza kuingia ndani ya sufuria kisha majuma kama 4.

Siku ya kwanza ya mwaka wangu wa kwanza pale, kijana mmoja alinyosha mkono. Alikuwa na adabu, hakuuliza kwa kiburi. Alisema: "Mama, kiisha hii masomo batatupatia nini? Kuko hata ya transport?"

Watu wengine wakacheka, lakini wengi walikuwa wanangojea jibu. Mama akaendelea kupiga jembe, kiisha akasema: "Utapata mboga, kama unamwangia maji. Kama haumwangie, hautapata kintu."

Kijana huyo hakurudi. Nami nilikasirika kwa ajili yake. Nilirudi nyumbani nikisema moyoni: vijana wa leo wameharibika. Imenichukua miaka mitatu kuona kwamba ulizo lake halikuwa la kijinga hata kidogo.

2. Wazee walifundisha namna gani?

Tukiuliza desturi, tunapata kwamba si kila elimu ilikuwa na mlango mmoja. Elimu zingine zilikuwa na mlango wenye kufungwa. Kazi ya kuyeyusha shaba, ambayo ilifanyika katika inchi hii ya Katanga karne nyingi mbele ya wazungu kufika, ilikuwa na mabwana wake, siri zake, miiko yake. Mtu hakuamka asubuhi na kuingia tu, aliingizwa. Vilevile nganga hakufundisha dawa zake njiani. Kuingia kulikuwa na bei, na bei ile ilikuwa sehemu ya heshima ya kazi.

Lakini jembe halikuwa na siri. Mtoto msichana alifuata mama yake shambani akiwa bado na jembe dogo la mpini mfupi. Mvulana alifuata wajomba na baba kukata matawi na kuyachoma ili majivu yalishe udongo. Hakuna kambo aliyemwambia mjukuu: nilipe kwanza, kiisha nitakuonyesha namna ya kupanda mtama. Hata mgeni alionyeshwa. Tunajua wote methali inayosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi wanaisema methali hii kwa kumfukuza mvivu. Mimi ninaona ina uso mwingine. Kumpa mgeni jembe ni kumpa nafasi kati yetu. Siku mbili za kwanza anakula chakula chetu. Siku ya tatu anaingia katika kazi yetu. Jembe ndilo lililomfanya asiwe tena mgeni.

Sababu gani elimu ya jembe ilikuwa wazi, na elimu ya shaba ilikuwa imefungwa? Mimi ninafikiri hivi. Jirani asiyejua kuyeyusha shaba hanidhuru kitu. Lakini jirani asiyejua kulima atakuja mlangoni kwangu miezi ya njaa, na desturi hainiruhusu kumfungia mlango. Njaa yake itakuwa njaa yangu. Basi kumfundisha mapema si ukarimu mtupu, ni akili. Elimu ambayo kukosekana kwake kunaumiza wote, wazee waliiacha wazi kwa wote.

Tuseme ukweli lakini: hata hiyo ya bure haikuwa bila malipo kabisa. Mtoto aliyefundishwa alilima shamba la aliyemfundisha. Akikua, alimlisha. Deni lilikuwapo, ila halikuandikwa, sababu lilikuwa ndani ya damu ya jamaa. Mjini mambo ni tofauti. Mama anayetufundisha bustani si mama yangu, si shangazi, wala hatutoki mgini mmoja. Ananifundisha mimi mtu wa kando. Kiisha masomo, kila mtu anaenda kwake na elimu yake. Hapo ndipo ulizo letu linazaliwa: deni lile la jamaa, kwa watu wasio jamaa, linaenda wapi?

3. Jembe la lazima

Mbele ya kujibu, tukumbuke kwamba katika inchi yetu mtu akisikia "njoo tufundishwe kulima bure", masikio yake yana sababu ya kusimama.

Wakati wa ukoloni, agizo la 1917 lilianzisha mashamba ya lazima. Sheria ya 1933 ikaweka siku 60 kwa mwaka za kazi hizo kwa wanaume wa vijijini, na wakati wa vita, mwaka wa 1942, zikapandishwa hadi 120. Watu walilima pamba na vitu vingine walivyoagizwa, na aliyekataa alijua njia ya gereza. Na sikilizeni jambo la ajabu: kazi zile zilihesabiwa kuwa za kuelimisha. Walisema wanatufundisha! Wazee wetu, waliolima inchi hii mbele ya mkoloni kuzaliwa, walitiwa katika darasa la jembe kwa kiboko.

Kiisha uhuru, katika miaka ya 1970, ikaja salongo. Neno lenyewe ni zuri, ni kazi ya pamoja. Lakini wengi wetu tunakumbuka namna ilivyofanyika: ukikosa, unaandikwa, ukiandikwa, unatafutwa. Kazi ya mikono pamoja, ambayo ni desturi yetu kabisa, ikageuka kuwa kitu cha kukimbia.

Na neno "volontere"? Hapa Katanga neno hilo lina kidonda chake. Mwaka wa 2003 wafanyakazi karibu 10 000 wa Gécamines waliondoka kazini katika operesheni iliyoitwa "départs volontaires", kuondoka kwa kupenda. Wengi wao watakuambia walipenda namna mtu anavyopenda kuruka kutoka nyumba inayoungua. Mzee anayetufundisha bustani aliacha mgodi kwa njia ile. Siku moja nilimwita "jardinier volontaire" mbele ya wageni. Alicheka, akasema: "Mwalimu, volontere nilishakuwa mara moja. Ile ingine usiniite tena." Tangu siku ile ninamwita mzee tu.

Basi kijana aliyeuliza juu ya transport alikuwa mtoto wa historia hiyo yote. Alizaliwa katika inchi ambako kazi ya bure ilikuwa ya lazima, na kupenda kulikuwa kwa kusukumwa. Tena alizoea kuona semina ambako mtu anaitika jina lake, anakunywa sukari, anatia sahihi na kupewa bahasha. Kwa nini asiulize? Alitaka kujua kama hii ni ya aina gani.

Tofauti basi iko wapi kati ya tuta la mama na shamba la 1933? Jembe ni lilelile, jasho ni lilelile. Mimi ninaona tofauti ni moja: mlango. Katika masomo ya mama, mwalimu anaweza kuacha kesho, na mwanafunzi anaweza kuondoka leo, na hakuna atakayewatafuta. Kijana aliondoka, hakuna aliyemwandika. Kuondoka kwake, ambako kulinikasirisha, ndiko kulikoonyesha kwamba masomo yale yalikuwa ya bure kweli.

4. Wale wanaosema "cha bure hakina heshima"

Rafiki zangu wengi, watu wenye elimu, wananiambia: muwalipishe watu kidogo, hata franga mia tano, mtaona watakavyokuja kwa wakati. Cha bure hakina heshima. Tusiwacheke, sababu hoja yao ina nguvu. Nimeona mwenyewe: kati ya watu 30 wanaoandikwa mwezi wa 7, mwezi wa 8 ukiisha tunabaki 12 ao 13.

Lakini tutazame shule zetu. Tangu miaka ya 1990 wazazi walibeba mishahara ya walimu kwa kile tulichokiita motivation. Je, heshima ya mwalimu iliongezeka? Mimi nilikuwa mwalimu, ninajua. Mtoto aliyefukuzwa darasani juu ya deni la wazazi hakuniheshimu. Aliniogopa, kiisha alinidharau. Katiba ya 2006 iliandika kwamba masomo ya msingi ni ya bure, na mwaka wa 2019 serikali ilianza kuitimiza. Watoto walijaa mpaka wengine wakaketi chini. Hapo tuliona kwamba "bure" si neno la uchawi: kitu kikiwa bure kwa mmoja, mwingine anakibeba mgongoni. Mara nyingine ni serikali, mara nyingine ni mwalimu mwenyewe na tumbo lake.

Basi kosa si kwamba kitu ni bure. Kosa ni kusahau nani anakibeba. Mama wetu asubuhi mbili kwa juma anakosa saa nzuri za soko, zile saa ambazo wenye restora wanakuja kununua. Hakuna anayemrudishia. Jirani yake alimwambia mbele yangu: "Weye mama, unafundisha bantu bure, kesho batauzisha mboga pembeni yako. Na watoto bako banakula nini?" Mama hakujibu kwa maneno makubwa. Alisema soko ni kubwa, na mboga ya mtu mmoja haishibishi karte.

Nilifikiri sana juu ya jibu hilo. Ni wazo lilelile la wazee: jirani anayejua kulima si adui wa tumbo langu. Lakini ulizo la yule jirani juu ya watoto lilibaki pale, kama jembe lililosahauliwa mvuani. Sisi wanafunzi tulilisikia wote. Hakuna aliyeliokota.

5. Mwalimu wa bure na ukweli wa udongo

Kuna jambo lingine linaloonyesha kwamba bure si mchezo. Katika mji wetu udongo wenyewe una historia. Kuyeyusha shaba kulianza hapa Lubumbashi mwaka wa 1911, na kwa miaka mingi moshi ulipeperushwa na upepo kuelekea upande wa kaskazini-magharibi, ukiangusha shaba, risasi na vitu vingine juu ya inchi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamepima udongo na mboga za bustani zetu, na wameonyesha kwamba katika sehemu zingine madini haya yanaingia ndani ya majani tunayokula. Mboga za majani ndizo zinazobeba sana. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Hakuondoi kile ambacho mmea umekwisha kunywa kwa mizizi.

Wazee wa zamani walijua kusoma udongo kwa kutazama majani. Mahali penye shaba nyingi miti mikubwa haioti, na kuna maua madogo ya rangi ya zambarau yanayopenda mahali pale. Watafutaji wa shaba waliyafuata kama barua. Mkulima alisoma barua ileile, lakini yeye alisoma: usilime hapa.

Mwaka wangu wa pili, mtu mmoja mwema alitutolea kiwanja kikubwa, bure, karibu na maji. Tulifurahi. Mwalimu wa biolojia alienda kukitazama, akarudi na uso mzito. Kiwanja kilikuwa upande ule wa moshi wa zamani, na mto unaopita pale unatoka kwenye takataka za migodi. Alisema hatuwezi kufundisha watu kupanda lengalenga pale. Wengine walikasirika: kitu cha bure, unakataa? Na watu tayari wanalima pale, na hawajakufa! Mabishano yalichukua juma zima. Mwishoni tulikataa kiwanja, tukabaki kwenye kile kidogo.

Kwangu mimi lile lilikuwa somo kubwa kuliko yote. Mtu anayelipwa anaweza kusema: nilifundisha kile nilichoagizwa. Mwalimu wa bure hana bwana wa kumsukumia kosa. Zawadi yenye sumu ni mbaya kuliko biashara yenye sumu, sababu anayenunua anapima kwa jicho la mashaka, lakini anayepewa anafungua mkono na kufumba macho. Kwa hiyo deni la kwanza katika somo la bure si la mwanafunzi. Ni la mwalimu: deni la ukweli.

6. Siku tisa za mwezi wa 9

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Mwaka wa tatu, mwanzoni mwa mwezi wa 9, mama alipatwa na malaria kali akalazwa. Masomo yalikuwa yamekwisha, kila mmoja wetu alikuwa na matuta yake. Mimi nilikuwa nakula mboga yangu, na kuwapa majirani kwa majivuno. Habari ya ugonjwa tuliisikia wote, karte ni ndogo. Nilisema moyoni: vijana watamwangia maji mboga zake. Vijana walisema: wamama watamwangia. Wamama walisema: yule mwalimu mwenye mvi anakaa karibu, atafanya.

Alikaa hospitali siku 9. Ninyi mnaojua kipwa yetu mnajua siku 9 za mwezi wa 9 bila maji ni nini. Aliporudi, matuta yake yote, shudeshine na nyanya za kuuza kwa ajili ya kuwarudisha watoto masomoni, yalikuwa majani ya kuwashia moto. Matuta mawili tu ya mwisho yalikuwa hai. Yalimwangiwa na mwanamke mmoja jirani wa bustani, ambaye hakusoma kwetu hata siku moja.

Tulikwenda kumwona, watu wanane, tumebeba unga na sukari na nyuso zetu. Nilianza kusema maneno ya kuomba radhi. Akanikata: "Mwalimu, mi sikubafundishaka juu mukuye kunimwangia maji. Lakini mungekuya hata kunisalimia."

Ndugu msomaji, nimesoma vitabu vingi juu ya haki na wajibu. Hakuna kilichonipiga kama sentensi ile. Hakudai maji. Hakudai nyanya zake. Alidai salamu. Sisi tulikuwa tumechukua elimu yake namna mtu anavyochukua maji kwenye bomba la njiani: hakuna anayelisalimia bomba.

Hapo nikakumbuka hasira yangu juu ya kijana wa transport. Yeye aliuliza bei mbele ya kuchukua, kiisha akaenda bila kuchukua kitu. Mimi sikuuliza, nikachukua kwa miaka mitatu, nikajiona mtu mwema kumpita. Nani kati yetu alikosa?

7. Tulitaka kuandika sheria

Kiisha aibu ile tulikutana. Mimi, kwa tabia ya walimu, nilileta karatasi. Nilikuwa nimeandika: kila mwanafunzi atalima tuta moja la mwalimu; atakayekosa mara mbili atalipa faini. Niliona ni haki kabisa. Mzee wa migodi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba karatasi, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema: "Mukiandika ile mambo mu sheria, njo salongo inarudia."

Tulibishana sana. Wengine walisema: bila sheria tutasahau tena. Na mimi bado ninaogopa hivyo. Lakini ninaona mzee alikuwa na haki. Deni la somo la bure ni deni la aina yake: ukilidai kwa nguvu, linageuka kodi, na somo linageuka jembe la 1933, ukilisahau, linageuka wizi. Linaishi katikati tu, mahali ambapo hakuna polisi, pana uso wa mtu na jina lake.

Tulichopatana ni vitu viwili vya kawaida. Cha kwanza ni mbegu. Lengalenga ukiacha mimea miwili ao mitatu isimame mpaka ikauke, inakupa mbegu nyingi, ndogondogo, nyeusi, za kutosha matuta mengi. Kila mtu anaombwa kurudisha kiganja kimoja cha mbegu mwisho wa kipwa, nazo zinapewa wapya wa mwaka unaofuata. Hakuna daftari. Cha pili, siku ya kwanza mwalimu hasemi tu juu ya mboleo; anasema anakaa wapi, watoto wake ni wangapi, anauza mboga wapi. Na wanafunzi wanasema vilevile. Inachukua asubuhi nzima, na vijana wanalalamika kwamba hatujaanza kulima. Mimi ninawaambia tumekwisha kuanza.

8. Mwisho

Je, somo la bure lina deni? Ndiyo, na ninaona lina nyuso tatu. Mwalimu ana deni la kusema ukweli, hata ukweli unaokataza. Mwanafunzi ana deni la kupitisha mbele kile alichopewa, na hilo halirudi kwa mwalimu, linaenda kwa mtu asiyemjua bado. Na wote pamoja tuna deni la kumwona mtu anayetoa: kujua jina lake, mlango wake, ugonjwa wake. Mbele, damu ya jamaa ndiyo ilitulazimisha kuonana. Mjini damu haitoshi, inapashwa tuonane kwa kupenda. Hapo labda neno "volontere" litapona kidonda chake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema. Ni kweli. Lakini vidole 30 pia havivunji, kama kila kimoja kinangojea kingine.

Mama alipona. Kipwa iliyofuata alirudi na jembe lake, akakaa mahali pake pa zamani chini ya mwembe. Siku ya kwanza, kijana mwingine, si yule, alinyosha mkono akauliza ulizo lilelile juu ya transport. Nilitaka kumjibu mimi. Mama alinitangulia. Alisema: "Kwanza utuambie jina yako, na unatoka wapi." Kijana akasema jina lake. Kiisha akabaki.

Kama alibaki mpaka mwisho? Alikosa siku nyingi, na mbegu hakurudisha. Lakini juzi nilimkuta njiani akanisimamisha, akauliza: mama ni mzima? Nikamwambia ni mzima. Sijui niandike hilo katika hesabu gani. Ninawaachia ninyi wasomaji.